Daftari la ushuru: nani huliandika, na analipwa nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Nimestaafu utendaji wa kijiji, lakini maswali hayajastaafu. Nikikaa kibarazani kwa muuza kahawa, mtu anavuta kigoda: "Shikamoo mtendaji. Samahani, hivi ule ushuru wa halmashauri…" Basi kahawa inapoa. Hapa nimeyaweka yale yanayorudi kila msimu, na majibu yake kama ninavyoyatoa pale kibarazani. Mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu.

Redioni wanasema "maofisa wa kaunti". Kwetu kaunti ni ipi?

Hatuna. Kaunti ni za Kenya, ziko 47. Kwetu kazi hiyo ni ya halmashauri. Mkoa wa Mtwara una tisa: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Wilaya ya Mtwara, Mji Nanyamba, Tandahimba, Newala Mji, Newala Wilaya, Masasi Mji, Masasi Wilaya na Nanyumbu. Lindi zipo sita: Manispaa ya Lindi, Mtama, Kilwa, Nachingwea, Liwale na Ruangwa. Ukitaka kujua ushuru wako umeandikwa wapi, anza kwa kujua uko halmashauri gani. Usicheke. Uwandani kwetu kuna watu nyumba iko halmashauri moja na mikorosho iko nyingine.

Hilo daftari lenyewe ni lipi?

Si daftari moja. Kila chanzo cha mapato kina orodha yake: wenye leseni za biashara, vibanda vya soko, nyumba za wageni, wanunuzi wa mazao, machinjio, samaki wanaoshushwa ufukweni, wachimba mchanga na kokoto. Zamani orodha hizi zilikaa kwenye madaftari makubwa ya jalada gumu, na malipo yakakatiwa stakabadhi za HW5, kile kitabu chenye kishina kinachobaki ofisini. Siku hizi zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa TAUSI, na mlipaji hupewa namba ya malipo ambayo watu wote wanaiita kontroo namba.

Ila kompyuta haitembei. Inakula kile kilicholetwa na mtu aliyetembea. Nilikuwa natoka asubuhi na daftari la mistari na kalamu mbili, moja ya akiba. Naandika jina, kitongoji, aina ya biashara, anauza nini, kibanda ni chake au amepanga. Kuna mama alikuwa anapika chapati na maharage chini ya mkorosho nje ya ghala. Msimu wa korosho ana meza nne na wasaidizi wawili. Ukienda Machi hukuti hata jiko. Huyo unamwandika vipi? Ukimwandika Novemba, ni mfanyabiashara. Ukimwandika Machi, hayupo. Halmashauri nzima itapanga bajeti kwa kutegemea siku uliyopita wewe.

Kwa hiyo anayeandika ni mtendaji wa kijiji peke yake?

Anaanza yeye, hamalizi yeye. Kijijini ni Afisa Mtendaji wa Kijiji, mjini ni Afisa Mtendaji wa Mtaa, nao wanawategemea wenyeviti wa vitongoji wanaojua nani kafungua duka na nani kafunga. Takwimu zinapanda kwa Mtendaji wa Kata. Wilayani kuna Afisa Biashara kwa upande wa leseni, Afisa Kilimo na Afisa Ushirika kwa mazao, na wahasibu wa mapato walio chini ya Mweka Hazina. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, maana yake hesabu zikiharibika jina lake ndilo linaloitwa kwanza. Viwango vyenyewe haviamuliwi na yeyote kati ya hao. Vinatoka kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na marekebisho yake, na kwenye sheria ndogo zinazopitishwa na Baraza la Madiwani. Mtendaji akikutajia kiwango, mwombe sheria ndogo. Kama hana, si lazima awe mwizi. Mara nyingi hajawahi kupewa nakala.

Mtendaji analipwa kiasi gani kwa kazi hiyo ya ushuru?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini.

Halipwi kwa ushuru. Ni mtumishi wa umma, analipwa mshahara wa mwezi kwa ngazi yake. Matangazo ya kazi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III huandika ngazi ya TGS B. Ili ujue ngazi za chini ziko wapi: kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa shilingi 370,000, kikapandishwa hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kabla haujafika mkononi umeshakatwa mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi ya mapato kwa kinachozidi 270,000, na mchango wa chama cha wafanyakazi. Kinachobaki ndicho cha kodi ya nyumba, ada za watoto, na mafuta ya pikipiki ambayo kwa haki yangetoka ofisini.

Watendaji wa Kata walipata nafuu kidogo. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliagiza walipwe posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Sisi wa kijiji tulipiga makofi kwa ajili yao.

Kuna halmashauri zinazotoa motisha kwa vijiji au watendaji wanaovuka lengo. Si haramu, mradi iwe kwenye bajeti iliyopitishwa na madiwani na ilipwe kwa hati ya malipo baada ya fedha kufika benki. Mtendaji anayekwambia "asilimia yangu naikata hapahapa" anakudanganya, au anajidanganya.

Nisemalo mimi, na nimelisema hata mbele ya wakubwa: kazi ya kuandika orodha inachukuliwa kama ya bure. Kukusanya kuna lengo, kuna simu za kila Ijumaa, kuna kikao cha kuulizwa kwa nini hujafika asilimia 60. Kuandika hakuna anayekuuliza. Hakuna fungu la siku tatu za kuzunguka vitongoji, wala la daftari. Matokeo yake orodha ya mwaka jana inanakiliwa kuwa ya mwaka huu, marehemu wakiwamo.

Na mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji?

Hao wanachaguliwa kwa kura, mara ya mwisho 27 Novemba 2024, na hawana mshahara. Wanategemea posho ambayo halmashauri ikiwa nayo inatoa, ikikosa inaahidi. Ndiyo maana ukiona mwenyekiti anamficha mpiga kura wake asiandikwe, usishangae sana. Kura ina uhakika kuliko posho.

Vijana wenye mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru, ni waajiriwa?

Wengine ni watumishi, wengine ni vibarua wa mkataba, na pengine ni wakala aliyeshinda zabuni ya kukusanya mnadani au stendi. Wakala analipwa kamisheni iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Kwangu hapo ndipo pa kuangalia kwa macho mawili: mtu anayelipwa kwa alichokusanya akipewa pia kazi ya kuandika nani anadaiwa, atawaandika walio karibu na barabara. Bonde la mbali litabaki jeupe daftarini.

Mashine inafanya kazi hata pasipo mtandao, halafu inatuma ikipata mawimbi. Huko nyuma ya Liwale au pembezoni mwa Nanyumbu inaweza kukaa siku kadhaa kimya. Pesa taslimu inatakiwa ipelekwe benki bila kukaa mfukoni, lakini benki iko wilayani, masika barabara ni tope, na nauli ya bodaboda hairudishwi. Kijana analala na laki sita chini ya godoro. Asubuhi mtoto anaumwa. Hapo ndipo "fedha mbichi" huanza kuliwa: kutumia makusanyo kabla hayajapita benki. Anasema nitarudisha mwisho wa mwezi, na wengi wanakusudia kweli kurudisha. Mfumo hauna sehemu ya kuandika nia. Unamwandika mdaiwa.

Nikiuza korosho, ushuru wa halmashauri unaandikwa na nani na unamkata nani?

Kwa maandishi unamkata mnunuzi. Ushuru wa mazao ya biashara uliteremshwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 ya bei ya shambani, na anayewajibika kuulipa ni anayenunua.

Tuseme umepeleka kilo 850 na mnada umekwenda kwa shilingi 3,000. Hizo ni 2,550,000. Asilimia 3 yake ni 76,500, nayo inalipwa na kampuni iliyoshinda mnada kwa halmashauri ambako korosho zimetoka. Yale makato unayoyaona kwenye mjengeko wa bei, ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafirishaji, ni mambo mengine na yana karatasi zake. Wazee wanajibu, "Mjukuu wangu, mnunuzi akishajua atalipa ushuru, anaupunguza kwenye bei." Sina jibu la kuwashinda. Wanasema kweli.

Kuhusu nani anaandika: tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anakabidhi mazao ghalani, kisha yanauzwa mnadani) uanze Mtwara msimu wa 2007/08, daftari la msingi kabisa limehama kutoka kwa mtendaji kwenda kwa karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Yeye ndiye anayesoma mizani, anaandika jina, kilo na daraja, na kukupa stakabadhi. Mzigo unakwenda ghala kuu, chama kikuu kinauweka mnadani: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Mtwara na Nanyumbu, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa upande wa pwani. Halmashauri inapiga hesabu ya ushuru wake kwa kilo hizohizo. Kwa hiyo karani anayelipwa posho ya msimu na chama, ambaye halmashauri haimjui hata kwa sura, ndiye ameshika mapato yake makubwa kuliko yote.

Kosa lake dogo linakwenda mbali. Mkulima wa mpakani analima Tandahimba, anauzia chama cha Newala kwa sababu ghala liko karibu. Kilo zake zinahesabika Newala. Mkulima hapotezi kitu, ila zahanati ya kijijini kwake imepoteza. Jambo hili nimeliona likizungumzwa kikao kizima, watu wazima wakigombania magunia kumi na saba.

Na kangomba?

Kangomba, yaani kununua korosho kijijini nje ya mnada, mara nyingi kwa kopo badala ya mizani, haina karatasi. Korosho zile zikishaingia ghalani kwa jina la mnunuzi aliyejifanya mkulima, ushuru unalipwa kama kawaida. Zikivushwa usiku, haulipwi. Ila mkulima ameshapunjwa katika hali zote mbili, na daftari linaonyesha "mkulima" mwenye tani thelathini asiye na hata mche mmoja. Mtendaji anamjua. Kuandika alijualo ni suala la ujasiri, maana nyumba zao zimetazamana.

Nasafirisha mbaazi gunia saba kwenda Mtwara mjini. Getini wananidai. Sawa?

Si sawa. Tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Gunia saba za kilo mia ni kilo 700. Sema hivyo kwa upole, omba jina la aliyepo zamu, na usitoe "ya soda".

Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Halmashauri inahusikaje?

Kodi ya majengo ilikuwa kazi ya halmashauri, na ndiyo maana maofisa wa zamani wana madaftari ya nyumba yenye michoro ya mkono. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ukahamishiwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 ukaingizwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Nyumba ya kawaida kwa mwaka ni 18,000. Usiponunua umeme miezi mitatu, utakaponunua utakuta deni la miezi mitatu limekusubiri.

Urahisi wake ni huo, na ugumu wake ni huo pia. Daftari la nyumba limegeuka kuwa daftari la mita, na mita si nyumba. Kuna nyumba moja Chikongola yenye vyumba sita na mita tatu, na kuna boma la matofali halijaezekwa lenye mita ya fundi. Mwenye mita zaidi ya moja kwenye jengo moja anatakiwa atoe taarifa ili akatwe kwenye mita moja tu. Asiposema, mashine haitamuuliza. Mpangaji akinunua umeme anakatwa yeye, wakati mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Mpangaji mwenye akili anatunza ujumbe wa simu, na siku ya kodi anauonyesha: "Baba mwenye nyumba, hii elfu moja mia tano ni yako."

Wanaosamehewa wapo. Nyumba za udongo na za nyasi za kuishi hazitozwi. Mtu wa miaka 60 na zaidi, au mwenye ulemavu asiye na kipato, anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Lakini msamaha hauji peke yake. Lazima kuwe na barua, na barua inaanzia kwa mtendaji wa mtaa anayethibitisha kwamba bibi anaishi pale. Nimeziandika nyingi. Bure. Mtu akikutoza hela ya barua hiyo, hiyo ni ya mfukoni mwake.

Hiyo si ndiyo kodi ya ardhi?

Hapana. Kodi ya pango la ardhi inatokana na hati ya kiwanja na ni ya Wizara ya Ardhi. Watu wanalipa moja wakidhani wamemaliza zote.

Kitambulisho cha mjasiriamali kinanitoa kwenye daftari?

Hakikutoi, kinakuingiza kwa njia nyingine. Vilipoanza Desemba 2018 vilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4, na lengo lilikuwa kuwaepusha wadogo na ushuru wa kila asubuhi. Vimebadilika sura tangu hapo. Ulizia ofisi ya kata kabla ya kubishana na kijana wa sokoni kwa kadi iliyochakaa.

Zamani kazi hii ilifanywaje? Mbona wazee wakisikia neno "kodi" wanakunja uso?

Wana sababu, na sababu yenyewe iko kwenye udongo wa kwetu.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kudaiwa mwaka uliofuata, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Lindi na Mikindani kulikuwa na maboma, yaani ngome za utawala wao. La Mikindani bado limesimama. Ofisa wa boma hakuweza kuhesabu vibanda vya bara. Kazi hiyo waliifanya maakida, watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika, na chini yao majumbe. Akida alikuwa na mshahara. Jumbe alipata fungu la alichokusanya. Ukiutazama mpango huo utaona mwenyewe kwa nini hakuna nyumba iliyosahaulika, na kwa nini hata kibanda cha kuku kilikuwa na hatari ya kuitwa nyumba. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa mgongo wake.

Julai 1905, Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, upande wa Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita ya Maji Maji ikaanza. Akida wa Kibata alikuwa wa kwanza kukimbizwa. Pamba ilikuwa cheche. Ukali wa maakida, kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa, na kodi vilikuwa kuni.

Waingereza wakaendeleza kwa maliwali na watawala wa kienyeji wenye hazina zao. Baada ya Uhuru uchifu ukafutwa mwaka 1963. Halmashauri zenyewe zikafutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi 1984. Kodi ya kichwa, waliyoiita kodi ya maendeleo, ilidumu hadi 2003. Hiyo naikumbuka mimi mwenyewe: mgambo alfajiri, wanaume wanaingia vichakani na blanketi, wanawake wanajibu mlangoni "amekwenda msibani". Daftari lilikuwa na misiba mingi kuliko kijiji.

Mpwa wangu yuko Marekani. Anasema huko mwandishi wa daftari la kodi anapigiwa kura. Kweli?

Kweli kwa majimbo mengi, ingawa kila jimbo lina sheria yake. California, kwa mfano, kila kaunti ina mthamini anayechaguliwa na wananchi, na kazi yake kubwa ni kukamilisha orodha ya mali zinazotozwa kodi kufikia tarehe 1 Julai, siku ileile mwaka wetu wa fedha unapoanza. Kukusanya pesa ni kazi ya ofisi nyingine. Analipwa mshahara. Zamani katika kaunti nyingi za huko maofisa walilipwa kwa ada, kila karatasi na bei yake, na wakaona matatizo yaleyale ya jumbe. Sisemi tupige kura ya mtendaji. Ninachokipenda ni kule kutenganisha: huyu anaandika, yule anapokea.

Nani anakagua?

Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Wilayani, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya madiwani, na mkaguzi wa ndani. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, hesabu zinatakiwa zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufikia 30 Septemba, na ripoti yake humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi. Baada ya hapo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inawaita wakurugenzi. Hoja zinajirudia kama mwezi mwandamo: vitabu vya stakabadhi ambavyo havikuonekana, makusanyo ambayo hayakupelekwa benki, mashine ambazo hazikuwa hewani. Zote ni hoja za kumbukumbu.

Naweza kuuliza pesa imekwenda wapi?

Uliza. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Sehemu nyingine inatakiwa irudi kijijini, na wengi wanaitaja kama asilimia 20, utaratibu uliotokana na kufutwa kwa zile kodi za kero, kama ile ya kichwa. Kwenye mkutano usiulize "pesa yetu iko wapi?" maana utajibiwa kwa hotuba. Uliza hivi: "Robo hii kijiji kimepokea kiasi gani kutoka halmashauri, tarehe ngapi, kwenye akaunti ipi?" Hapo lazima karatasi itolewe.

Risiti yangu ina jina la mtu mwingine au kiasi si kile nilichotoa. Nifanyeje?

Usiondoke pale ulipo. Iangalie mbele ya aliyekupa: jina, kiasi, aina ya ushuru, tarehe. Picha ya simu ipige palepale, kwa sababu wino wa POS unafutika ukiweka kwenye pochi wiki mbili. Asiporekebisha, nenda kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mweka Hazina kwa maandishi. Ukiombwa rushwa piga 113, namba ya TAKUKURU, haina malipo.

Mtendaji akihamishwa, madaftari yanabaki na nani?

Yanabaki ofisini, kwa hati ya makabidhiano yenye saini za anayetoka, anayeingia na shahidi. Kila kitabu kinatajwa kwa namba, kilichotumika na kisichotumika.

Mimi niliposaini makabidhiano yangu ya kwanza niliambiwa vitabu vyote vimo sandukuni. Sikufungua, ilikuwa jioni na gari linapiga honi. Nilipokuja kulifungua, mchwa walikuwa wamepita chini wakala vishina kutoka katikati, vikabaki majalada na mstari wa udongo mwekundu. Kitabu kimoja cha HW5 hakikuweza kusomeka hata jani moja. Mkaguzi alikuja mwaka uliofuata. Kwa kuwa saini ilikuwa yangu, hoja ikawa yangu, na kwa miezi mingi mshahara wangu ulikuwa unakatwa kulipia fedha ambazo sikuwahi kuziona.

Ofisi niliyoiacha ina kabati la chuma sasa. Lakini lile sanduku bado liko pale kwenye kona, nilimwachia kijana aliyenipokea, miguu yake minne imesimama ndani ya makopo ya maziwa yenye mafuta ya taa.